Mita Nane kutoka Kitandani

Kiti kilisimama hatua mbili kabla ya geti, na Yusta Chiwanga hakuwa amekisimamisha.

Alikuwa Dodoma, ghorofa ya tatu ya jengo la kampuni ya Mkono Karibu, amevaa kofia ya kuonea na glavu zenye nyuzi. Kiti chenyewe kilikuwa Tukuyu, mwendo wa siku nzima kwa basi, kwenye ua uliolowa mvua. Juu yake alikaa Bi Subilaga Mwakyoma, mpima ardhi mstaafu, mwenye umri wa miaka sabini na sita. Miguu yake ilikuwa imekufa ganzi tangu alipoumia uti wa mgongo miaka tisa nyuma.

"Mbona umesimama?" Bi Subilaga aliuliza.

"Si mimi, mama. Subiri kidogo."

Yusta alisukuma mkono mbele tena. Siku zote akisukuma hivyo, robo sekunde baadaye kiti humfuata. Safari hii glavu zilikaza vidole vyake kama zimegandishwa, na pembeni mwa macho yake taa ya Bi Subilaga, ambayo ilikuwa ya kijani kwa miaka miwili, ikawa nyekundu.

"Mtumiaji amefika mwisho wa eneo lake," kiti kilisema kwa sauti ya upole. "Tafadhali arudishwe ndani."

"Mwisho wa eneo langu?" alisema Bi Subilaga. "Hili geti nimelijenga mimi."

Nje ya geti alisimama Tumpe Mwaisaka, mjane wa nyumba ya jirani, amejifunika kanga kichwani. Kila Jumanne Bi Subilaga alikwenda kwake kunywa chai. Leo Tumpe alikuwa amemfuata kwa sababu chai ilikuwa inapoa.

"Nikuvute?" Tumpe aliuliza, akaingiza mkono kati ya vyuma vya geti.

"Usiguse, mama Tumpe," Yusta alisema haraka kupitia spika ya kiti. "Taa ikiwa nyekundu, anayemtoa mzee nje anahesabiwa amemtorosha. Polisi wanapigiwa hapohapo."

Tumpe akarudisha mkono. Wanawake wale wawili wakabaki wakitazamana kupitia vyuma, na Yusta aliyaona yote kwa macho ya kiti, kutoka usawa wa kiuno.

"Keshokutwa ndiyo baraza la mpaka wetu," Tumpe alisema taratibu.

"Najua," alijibu Bi Subilaga. Kisha akasema bila kugeuka, "Yusta, nirudishe ndani kabla hakijanirudisha chenyewe."

* * *

Mlezi wa mbali hakuruhusiwa kuacha kiti chake mpaka apatikane wa kushika nafasi yake. Simu ziliachwa kwenye visanduku mlangoni, na mlango wa ukumbi ulifunguliwa na msimamizi tu, kutokea nje. Zamu ilikuwa ya saa sita, na kila mlezi alikuwa na wazee kumi na mmoja. Kwa hiyo Yusta alisubiri zamu imalizike ndipo akaenda ofisini kwa Bwana Luhende, mtu mpole aliyezoea kuongea huku akisafisha miwani.

"Ni ombi la familia," Luhende alisema. "Mwanawe, Ambakisye, ndiye mdhamini wake kisheria. Ameomba mama yake apunguziwe eneo."

"Kwa sababu gani? Bi Subilaga ana akili kuliko mimi."

Luhende akageuza skrini ili Yusta aione. "Sababu umezitoa wewe, dada Yusta."

Kila mazungumzo na mzee yalipoisha, swali lilitokea: mtumiaji yuko timamu? Chini yake kulikuwa na orodha ya kuweka alama. Usipoweka alama, mzee anayefuata hafunguki. Na mara nyingi huyo anayefuata alikuwa ameshabonyeza kengele mara tatu, akitaka kupelekwa chooni. Yusta alijua alivyokuwa akijibu. Alikuwa anajibu kama mtu anayefukuza inzi.

Tarehe tisa Machi: anaona mambo yasiyokuwepo. Siku hiyo Bi Subilaga alikuwa amemwambia, "Jiwe limehama."

Tarehe ishirini: hatambui mahali alipo. Bi Subilaga alikuwa ameonyesha upande wa pili wa shamba la maharage, akasema, "Pale si kwangu. Pale ni kwa Tumpe."

Tarehe mbili Aprili: anawashuku jamaa zake bila sababu.

"Alama tatu kutoka kwa mlezi mmoja anayemfahamu mzee vizuri," Luhende alisema. "Kanuni haidai hata daktari."

"Basi nazifuta."

"Utaandika ombi la kuzifuta. Linajibiwa ndani ya siku kumi na nne." Alivaa miwani yake. "Halafu kuna ule mtaro."

Januari, katikati ya mvua kubwa, mawasiliano yalikuwa yamechelewa sekunde mbili nzima. Alipokata kona, kiti kilikuwa kimeshapita. Bi Subilaga alilala ndani ya mtaro dakika arobaini, maji ya matope yamemfika shingoni, wakati Yusta huko Dodoma akiwa haoni chochote isipokuwa rangi ya kahawia, na anasikia mtu akipumua kwa shida. Tumpe ndiye aliyemkuta. Tangu siku ile Yusta alipokuwa akikata kona yoyote, hata kona ya kitanda, mikono yake ilitetemeka ndani ya glavu.

"Sisi tunalinda miili," Luhende alisema, na alisema kwa huruma. "Hatuamui kesi za watu."

* * *

Jumatano asubuhi Yusta alimwinua Bi Subilaga kitandani. Kiti kilikuwa na mikono miwili mirefu yenye sponji. Mmoja ulipita chini ya makwapa, mwingine chini ya magoti, na walihesabu mpaka tatu pamoja ili kule kuchelewa kwa robo sekunde kusimshtue yeyote. Yusta alikuwa amemwinua hivyo zaidi ya mara elfu moja. Glavu zilimpa mguso, lakini uzito wote ulibebwa na mota, kwa hiyo hakuwahi kujua mwanamke huyu ana uzito gani.

Eneo lilikuwa limepungua tena wakati wa usiku. Sasa lilikuwa mita nane kutoka kitandani: chumba, choo, na jiko mpaka dirishani. Hata simu ya nyumba ilifungwa. Simu yoyote ya kutoka ilihitaji kibali cha Ambakisye.

"Mama," Yusta alisema walipofika jikoni, "nilikuandika kuwa umechanganyikiwa. Mara tatu. Ndiyo maana wamekufungia."

"Nilikuwa najiuliza ni nani," alisema Bi Subilaga. "Nilidhani ni daktari."

"Naomba unisamehe."

"Samahani yako nitaipokea baadaye. Kwanza niambie, hiki kiti kinapima umbali?"

"Kinapima. Ndivyo kinavyojua ngazi iko wapi."

"Nyanyua macho yake. Angalia nje, upande wa nyumba ya Tumpe. Unaona kona ya jiko lake, ile yenye bati jekundu?"

Yusta akapandisha mlingoti wa kamera hadi juu ya fremu ya dirisha. Aliiona kona ile. Alipima. Mita sitini na mbili na sentimita kumi.

"Sasa shuka kwenye mstari huohuo. Kuna jiwe jeupe la mpaka, lina msalaba juu."

"Nimeliona. Mita thelathini na nane na nusu."

"Tofauti?"

Kabla mashine haijaleta jibu, Bi Subilaga alishasema, "Ishirini na tatu na sitini." Alifungua droo ya meza, akatoa daftari lenye jalada la kitambaa, akalifunua mbele ya kamera. Wino ulikuwa umefifia lakini ulisomeka: kona ya jiko la Mwaisaka hadi jiwe, mita 31.40. Tarehe ilikuwa ya kabla Yusta hajazaliwa.

"Nililifukia mwenyewe," alisema. "Mume wa Tumpe alishika mnyororo wa kupimia upande ule, mimi upande huu. Jiwe limesogea karibu mita nane kuingia kwa Tumpe. Angalia ukoga wake."

Yusta akavuta picha karibu. Udongo kuzunguka jiwe ulikuwa mwekundu mbichi, na ukoga wa kijani ulikuwa umeota nusu tu, upande wa chini, kama nguo iliyovaliwa kinyume.

"Nani amelihamisha?" Yusta aliuliza.

Bi Subilaga alifunga daftari. "Mwanangu wa pekee," alisema, "ana mpango na kipande kile."

* * *

Ambakisye alipiga mchana. Uso wake ulijaa kwenye skrini ya jikoni. Alikuwa mwanaume wa miaka hamsini, ana mvi chache, na nyuma yake ofisi yenye mapazia. Sheria ilimtaka mlezi abaki hewani mzee anapoongea na mdhamini, ila asiseme neno. Yusta alibaki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umenifungia, Ambakisye."

"Nakulinda, mama."

"Na nani?"

"Na wewe mwenyewe. Januari nilikukuta hospitali una matope mpaka masikioni. Unajua nilivyojisikia? Niko Mbeya, siwezi kuacha kazi, siwezi kukuhamisha kwa sababu hutaki."

"Sitaki. Hilo ni kweli."

"Sasa kampuni inatafuta mahali pa kuweka mnara wa mawasiliano. Ukijengwa jirani yako, kiti hakitachelewa tena hata mvua ikinyesha vipi. Mtaro ule usingetokea. Upande wetu ni mteremko, mama, mnara hauwezi kusimama. Panapofaa ni pale penye tambarare."

"Pale penye tambarare ni kwa Tumpe."

"Tumpe ana eneo kubwa, halimi hata nusu yake."

"Ulimwomba?"

Ambakisye alisogeza karatasi mezani kwake.

"Nani alihamisha jiwe, baba?" Alimwita hivyo, baba, kama alivyomwita alipokuwa mtoto, na Yusta aliona uso wa yule mwanaume ukitetereka kidogo.

"Mama, pumzika. Kesho mimi mwenyewe nitakuja barazani, nitaongea kwa niaba yetu sote wawili. Nina karatasi za kampuni kuhusu afya yako. Hakuna haja ya wewe kusumbuka."

Picha ikakatika. Dakika moja baadaye kiti kikanong'ona kuwa eneo la mtumiaji limebadilishwa, kisha bila Yusta kukigusa kikarudi nyuma, kikageuka, kikampeleka Bi Subilaga chumbani na kusimama kando ya kitanda. Mlango wa jiko ukajifunga.

Bi Subilaga aliweka mikono yake mapajani. Alitazama ukuta kwa muda mrefu sana. Yusta naye aliutazama, kwa sababu kamera haikuwa na kitu kingine cha kutazama. Ulikuwa ukuta wa rangi ya maziwa wenye ufa mmoja mwembamba. Wazee wengine walimwita, akaenda, akawahudumia, na kila aliporudi ufa ulikuwa palepale na Bi Subilaga alikuwa palepale.

"Nilikuwa natembea siku nzima," Bi Subilaga alisema mwishoni mwa zamu, kwa sauti isiyomlenga mtu. "Kilima mpaka kilima, na kipimio changu cha theodolaiti begani. Wanaume walikuwa wanachoka kabla yangu."

* * *

Alhamisi saa tatu na nusu asubuhi Yusta aliketi kwenye kiti chake, akavaa glavu, akafungua mstari wa Tukuyu. Baraza la kata lingeanza saa nne. Ofisi ya kata ilikuwa kilomita moja na robo kutoka pale, barabara ya udongo, mteremko, na mtaro ulikuwa katikati ya njia.

Hakuwa amelala vizuri. Alikuwa amepitia njia zote. Ombi la kufuta alama lilikuwa limepokelewa na kupewa namba. Luhende alikuwa amekataa mara ya pili, bila kukasirika. Ilibaki njia moja, na kila mlezi aliijua kwa sababu walifundishwa siku ya kwanza. Kukiwa na moshi ndani ya nyumba, mlezi hufunga ngumi zote mbili na kusema neno "moto" mara tatu. Kufuli zote hufunguka bila kibali cha mtu yeyote. Kanuni hiyo iliwekwa baada ya mzee mmoja kuteketea akisubiri mdhamini apokee simu. Aliyeitumia pasipo moto alifukuzwa na kushtakiwa.

Kulikuwa na jambo jingine. Amri ile ilimfunga mlezi kwa mzee mmoja tu. Wale wengine kumi wangebaki walivyo mpaka wapatiwe mlezi mwingine. Wakati huo Mzee Kapufi wa Sumbawanga alikuwa chooni, ananing'inia kwenye mikono ya kiti chake, taa yake ya njano inawaka na kuzima. Yusta alimhudumia haraka na kumrudisha sebuleni. Lakini kulikuwa na mwingine Kigoma anayehitaji dawa saa nne kamili, na huyo hakuweza kumpa kabla ya wakati. Alitazama taa yake.

"Mama Subilaga," alisema. "Naweza kukutoa. Lakini nikikosea tena kwenye ile kona?"

"Nitaanguka," Bi Subilaga alisema. Alikuwa ameshavaa sweta na kilemba, daftari liko mapajani. Alikuwa amejivalisha mwenyewe, na kilemba kilikaa upande. "Kuanguka nimeshaanguka. Nimetoka mzima. Hiki cha kukaa humu ndicho kitaniua."

"Wewe utakwenda kumsema mwanao mbele za watu."

"Nitakwenda kusema jiwe lilipokuwa. Mengine atayasema mwenyewe."

Yusta alifunga ngumi. Alisema lile neno mara tatu.

Milango yote ilifunguka kwa pamoja. Kiti kilikuwa chepesi mikononi mwake kuliko wakati wowote. Wakapita jikoni, wakapita uani, geti likajisogeza pembeni. King'ora kikaanza kulia nyuma yao nyumbani. Barabarani matope yalikuwa ya jana, magurudumu yalishika. Yusta alipunguza mwendo kuliko alivyotaka, akiweka akilini ile robo sekunde, akikata kila kona kabla hajaifikia. Walipokaribia mtaro mikono ikaanza kutetemeka. Bi Subilaga aliliona lile tetemeko kwenye mikono ya kiti, kwa sababu mikono ile ilikuwa ya Yusta.

"Shikilia kushoto," alimwambia. "Bado. Bado. Sasa kata."

Akakata. Mtaro ukapita upande wa kulia, umejaa maji na majani ya migomba.

Walikuwa wamebakiza kama mita mia nne, mteremko umeanza, Yusta aliposikia mlango wa ukumbi ukifunguka nyuma yake, huku Dodoma. Alijua ni nani.

"Mama, nisikilize," alisema kwa haraka. "Chini ya kiti upande wa kulia kuna chuma chekundu. Kikivutwa, mota zinaachia, watu wanaweza kukusukuma. Lakini breki nazo zinaachia. Washike kwanza ndipo wavute. Wewe hukifikii, mwambie yeyote —"

Kofia iliondolewa kichwani mwake. Alifumba macho kwa mwanga wa taa za ukumbi. Luhende alikuwa amesimama pale, ameishika kofia kwa mikono miwili, na uso wake ulikuwa na huzuni kuliko hasira.

"Amebaki barabarani," Yusta alisema. "Kwenye mteremko. Mrudishieni mtu, tafadhali."

"Kiti kimefungwa. Hakitateremka. Mdhamini ameshaarifiwa."

"Mwenye dawa Kigoma?"

"Amepewa. Amechelewa dakika sita." Akamshika kiwiko. "Inuka, dada."

Walimweka kwenye chumba kidogo kisicho na dirisha, kinachotumika kuhifadhia glavu mbovu, mpaka mwanasheria wa kampuni afike. Simu yake ilikuwa kwenye kisanduku mlangoni. Hapakuwa na saa ukutani. Yusta alikaa juu ya boksi na kufikiria mteremko, chuma chekundu, na kilo mia moja na arobaini za kiti. Alifikiria kuwa kama hakuna aliyepita, Bi Subilaga yuko palepale, katikati ya barabara, amekaa wima na daftari lake. Na kama mtu alipita na kuvuta bila kushika, basi yeye, Yusta, ndiye aliyewaambia wavute. Aligonga mlango. Hakuna aliyeufungua. Akagonga mpaka kiganja kikafura, kisha akakaa tena.

Walimtoa saa kumi jioni, wakampa barua ya kuachishwa na nyingine ya kuitwa polisi.

* * *

Habari alizipata kwa Tumpe, ambaye alikuwa amempigia simu mara tisa.

Wachuma chai watano, wanawake wote, walikuwa wanapanda barabara na vikapu vyao. Walimkuta Bi Subilaga anawaita. Aliwapanga kama alivyokuwa akipanga vibarua wake wa zamani: wawili nyuma, wawili mbele wakisukuma kurudisha juu, mmoja apige magoti avute chuma. Kiti kilipoachia kiliwaburuza hatua kadhaa kwenye matope kabla hakijatulia. Mmoja aliteguka mkono. Lakini walifika, saa tano kasoro, wakati Ambakisye ameshasimama kusema.

Bi Subilaga alisoma vipimo vyake. Ambakisye akatoa karatasi za kampuni. Mwenyekiti wa baraza, mwanamke aliyekuwa mwalimu, alizisoma mara mbili, akasema, "Aliyeweka alama hizi ni nani? Nataka kumsikia yeye." Akaahirisha kwa siku kumi.

Kampuni ilikuja kuchukua kiti kesho yake.

Yusta alifika Tukuyu kwa basi siku ya tisa. Alimkuta Bi Subilaga kitandani. Ufa ule ukutani ulikuwa mrefu kuliko ulivyoonekana kwenye kamera, na Bi Subilaga mwenyewe alikuwa mwembamba kuliko Yusta alivyodhani, na alikuwa na harufu ya sabuni ya mche na moshi. Hawakujua wasalimiane vipi. Yusta alipiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Bi Subilaga alimtazama mikono. "Kumbe ni midogo hivi."

Asubuhi ya baraza ilibidi abebwe. Yusta aliingiza mkono mmoja chini ya makwapa, mwingine chini ya magoti, wakahesabu mpaka tatu, na alipoinua alikaribia kuanguka naye. Hakuwa amewahi kuuhisi uzito ule. Tumpe alimdaka upande wa pili. Walimfunga kwenye kiti cha plastiki kwa kanga mbili, na wanawake wa chai wakapokezana njia nzima, pamoja na yule mwenye bandeji.

Ukumbini Yusta aliulizwa maswali matatu. Je, alama hizi uliziweka wewe? Ndiyo. Uliamini ni kweli? "Sikufikiri kama ni kweli au si kweli. Nilikuwa nataka swali liondoke." Na sasa unasemaje? Akawaambia kuhusu dirisha, kona ya jiko, na hesabu iliyotoka mdomoni kwa Bi Subilaga kabla ya mashine. Karani aliandika yote. Yusta alijua kila mstari ulioandikwa utasomwa tena Dodoma, katika kesi yake, na hautamsaidia.

Baraza likaenda kulitazama jiwe. Lilipong'olewa, chini yake hapakuwa na zege la zamani. Walipima mita saba na sentimita themanini kuelekea upande wa Bi Subilaga, wakachimba, wakalikuta zege, lina shimo katikati lenye umbo la jiwe. Ambakisye alikuwa amesimama pembeni, viatu vyake vimejaa udongo. Hakubisha. Mwenyekiti alipomuuliza kama ana neno, alisema, "Nilitaka mnara tu," akaangalia chini.

Watu walipoanza kutawanyika, mvua nyepesi ilikuwa imeanza. Bi Subilaga alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki katikati ya maharage. Ambakisye alimwendea, akavua koti, akamfunika mabega, kisha akainama na kupitisha mikono chini yake ili amwinue.

"Ngoja," mama yake alisema.

Mikono yake ikasimama.

"Hujaniuliza ninataka kwenda wapi."

Ambakisye alibaki ameinama hivyo, uso wake karibu na uso wa mama yake. Yusta na Tumpe walisimama hatua chache nyuma. Hakuna aliyesogea kumsaidia.

"Unataka kwenda wapi, mama?" aliuliza hatimaye.

Bi Subilaga aliangalia kwa Tumpe, akaangalia nyumbani kwake, akaangalia barabara inayoshuka kuelekea mtoni, ambako hakuwa amefika kwa miaka tisa.

"Bado nafikiri," alisema.

Nao wakamsubiri, wote watatu, wamesimama kwenye mvua.